Kisanduku Hiki ni cha Nani?

Miongoni mwa mambo ambayo sisi watu wa Pemba tumezoea kuyanyamazia ni tabia ya kupokea mitambo bila ya kupokea elimu yake. Utepe hukatwa, picha hupigwa, dua husomwa, wageni wakala wali wao wa nazi na kurudi kwao. Sisi hubaki na jengo lililopakwa rangi mpya, ambalo ndani yake mna kitu kinachowaka taa ya kijani, na hapana hata mmoja wetu anayejua taa hiyo inasema nini. Nimekuwa fundi wa umeme hapa kisiwani kwa zaidi ya miaka thelathini na nimeyaona mengi ya namna hiyo. Leo nataka kusema juu ya kitu kimoja tu, kidogo, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha skuli, kwani naona ugomvi wote umo ndani yake.

Kitu chenyewe mafundi hukiita adapta ya mtandao. Msomaji asiyekuwa fundi asiogope jina. Nitakieleza kwa mfano wa kazi tunayoijua sote, kazi ya kukamua mafuta ya makonyo kama inavyofanywa kule Wawi. Makonyo ya karafuu hutiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke kutoka kwenye boila ukapitishwa chini yake, mvuke ukapanda na mafuta, ukapozwa kwa maji baridi, kisha mafuta yakajitenga na maji. Ni kazi nyepesi kuieleza na nzito kuiendesha. Lazima pawe na wa kuangalia joto, wa kuangalia shinikizo la mvuke, wa kuangalia kama maji ya boila yamepungua, na wa kufunga au kufungua vali kwa wakati wake. Akisahau mmoja, mafuta huharibika. Akisahau yule wa boila, watu huweza kufa.

Kazi hiyo ya kuangalia na kufungua ndiyo ambayo viwanda vya nchi tajiri vilianza kuikabidhi kompyuta ndogo ya kiwandani, ambayo mafundi huiita PLC. Mwaka 1969 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa mashine yake iitwayo 084, iliyotokana na haja ya kampuni ya magari ya General Motors ya kuachana na makabati yaliyojaa rilei, ambayo kila ukibadilisha kazi sharti uyafungue na kufunga nyaya upya. Tangu hapo vyombo vya kupimia, ambavyo huitwa sensa, vikawa vinaipelekea kompyuta habari, na kompyuta nayo ikawa inaziamrisha vali na pampu.

Lakini kila sensa ilikuwa na nyaya zake, na kila vali ilikuwa na nyaya zake. Kiwanda chenye vyombo mia moja kilihitaji nyaya mia mbili na zaidi, zote zikisafiri kutoka kila pembe hadi kwenye kabati moja. Mtu aliyewahi kutafuta waya mmoja uliokatika ndani ya fungu la mia mbili, tena katika hewa yetu hii ya chumvi ambayo huila shaba hadi ikawa unga wa kijani, anajua nasema nini. Ndipo wakaja na ufumbuzi wa kusogeza miguu na mikono ya kompyuta karibu na mtambo. Sensa na vali za mahali pamoja hufungwa kwenye kijisanduku kilichopo hatua chache tu kutoka zilipo. Kijisanduku hicho huzikusanya habari zao zote na kuzipeleka kwa kompyuta kwa kebo moja, kisha huipokea amri na kuigawa. Hicho ndicho adapta. Kwa kebo ya kawaida ya aina iitwayo RS-485, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1983, habari huweza kwenda hadi mita 1,200, na vifaa 32 vikashirikiana waya mmoja. Kwa kebo ya shaba ya mtandao wa kompyuta za siku hizi umbali ni mita 100 baina ya kifaa na kifaa, na ukitaka zaidi ya hapo unatumia nyuzi za kioo.

Kwa ufupi, adapta ni mkalimani. Upande huu anazungumza na mtambo kwa lugha ya umeme, volti 24 zipo au hazipo, mkondo wa miliampia 4 ukimaanisha tupu na wa 20 ukimaanisha kujaa. Upande ule anazungumza na kompyuta kwa lugha ya tarakimu. Wazee wetu wa bandarini walijua thamani ya mkalimani. Walijua pia khatari yake, kwani mkalimani ndiye mtu pekee anayejua kila upande umesema nini.

Sitaki nifahamike vibaya. Sina ugomvi na kifaa hiki, na wala si miongoni mwa wale wanaosema kuwa turudi kwenye mikono. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde. Kisima huwa bondeni, tangi huwa kilimani, na ofisi huwa barabarani. Kama kuna watu duniani wanaohitaji chombo cha kupeleka habari kutoka mbali kwa waya mmoja, basi ni sisi. Ninachokipinga ni namna tunavyouziwa na namna tunavyokubali kuuziwa.

Tazama kwanza jambo la lugha. Mwaka 1979 Modicon waliitoa lugha yao iitwayo Modbus, nyepesi kiasi kwamba kijana mwenye akili huweza kufundishwa misingi yake kwa siku chache. Mwaka 1987 Wajerumani, makampuni na vyuo pamoja, walianza mradi uliozaa PROFIBUS. Mwaka 1994 Wamarekani wa Allen-Bradley wakatoa DeviceNet. Kila mkubwa alitaka dunia nzima iseme lugha yake. Wakaingia katika mabishano ya miaka mingi ndani ya shirika la viwango vya umeme la kimataifa, na ilipofika mwaka 2000 kiwango kilichotoka, IEC 61158, kilikuwa na lugha nane ndani yake zisizofahamiana. Walioitwa kuafikiana juu ya lugha moja walishindwa kuchagua, wakaziandika zote na kuziita kiwango. Baadaye lugha ziliongezeka, zikaja na zile zinazopita katika nyaya za mtandao wa kawaida wa kompyuta, na bado kila kabila la mitambo lina lahaja yake.

Kwa mwenye kiwanda Stuttgart au Chicago hilo ni usumbufu tu. Duka la spea liko mtaa wa pili, na fundi wa kampuni hufika mchana wa siku ileile. Kwetu sisi hilo ni minyororo. Adapta ya lugha hii haikubali kukaa kwenye kompyuta ya lugha ile. Moduli za kampuni hii hazishikani na adapta ya kampuni ile. Ukishanunua kisanduku cha kwanza umeshaolewa, na mahari umelipa wewe.

Hata hivyo lugha ni nusu ya shauri. Nusu ya pili, ambayo hata wahandisi wetu huipita kimya, ni hii: siku kebo ikikatika, adapta itafanya nini?

Swali hili si la mzaha. Adapta iliyo kisimani inaendesha pampu kwa amri ya kompyuta iliyo ofisini. Kebo baina yao ikikatika, amri hazifiki tena. Ndani ya adapta mna mlinzi wa muda, anayehesabu sehemu ndogo za sekunde. Muda ukipita bila ya salamu kutoka kwa kompyuta, anajua kuwa ameachwa peke yake. Hapo anakuwa na njia tatu. Huweza kuzima kila kitu. Huweza kukiacha kila kitu kama kilivyokuwa, kilichokuwa kinakwenda kiendelee kwenda. Au huweza kukiweka kila kitu katika hali maalumu iliyochaguliwa kabla, vali hii ifungwe na ile ifunguliwe. Kila njia ina mahali pake. Feni ya kutoa moshi katika chumba cha watu pengine ni bora iendelee. Moto wa boila lazima uzimwe. Hapana jibu moja la dunia nzima, na ndiyo maana watengenezaji wameacha nafasi ili mtu achague.

Nauliza basi, ni nani aliyechagua kwa niaba yetu?

Naujua mradi mmoja wa maji, sitautaja mahali wala sitawataja waliouleta. Kisima bondeni, tangi kilimani, kompyuta katika chumba kidogo chenye kiyoyozi, na adapta mbili, moja kisimani na moja kwenye tangi. Mambo yalikwenda vizuri karibu mwaka mzima. Siku moja alasiri mtu aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba yake alikata kebo kwa jembe. Hakujua kuwa chini mna kebo, kwani hapana alama iliyowekwa. Pampu wakati ule ilikuwa inafanya kazi. Adapta ya kisimani ilikuwa imepangwa ibakishe hali ya mwisho, na hali ya mwisho ilikuwa ni kwenda. Ikaenda jioni, ikaenda usiku. Tangi likajaa na kumwagika, maji yakateremka katika mashamba ya muhogo. Kisimani mlikuwa na sensa ya kuonesha kuwa maji yamekwisha. Sensa hiyo iliiona khatari na ikasema, na adapta iliisikia. Lakini uamuzi wa kuzima ulikuwa umewekwa kwa kompyuta, na kompyuta ilikuwa upande wa pili wa kebo iliyokatika. Pampu ikazunguka ndani ya kisima kilichokauka mpaka ikaungua. Niliitwa asubuhi. Taa ya adapta ilikuwa inawaka, na mkalimani alikuwa mzima kabisa.

Pampu mpya ilipatikana baada ya wiki saba. Katika wiki hizo saba waliobeba maji vichwani hawakuwa wahandisi wala waheshimiwa. Walikuwa kina mama na watoto, na baadhi ya watoto hao walifika skuli saa nne. Lakini hilo silo lililonikera zaidi, kwani pampu huungua duniani kote. Lililonikera ni kwamba tulipotaka kubadilisha mpango ule, ili siku nyingine kebo ikikatika pampu izime, haikuwezekana. Mpango umefungwa kwa neno la siri. Faili la mipangilio lilikuwa kwenye kompyuta ya mkandarasi, na mkandarasi alikwisha kuondoka nchini. Tulipomwandikia alijibu kwa adabu kubwa kuwa atafurahi kuja, kwa tiketi ya ndege, malazi na malipo ya kila siku, na kwamba programu ya kuufungulia mpango ule inauzwa kwa leseni. Badiliko lenyewe ni la dakika tano.

Basi tukafanya ambacho maskini hufanya. Tukairuka adapta, tukaweka swichi ya mkono. Hadi leo mlinzi wa pale hupanda ngazi kuchungulia tangi, kisha hupiga simu bondeni ili pampu izimwe. Mitambo ya fedha nyingi imekuwa pambo. Wageni wakija huoneshwa kile chumba chenye kiyoyozi.

Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Daftari la mtambo wa siku hizi ni lile faili la mipangilio. Ndani yake mna anwani ya kila adapta, jina la kila waya, na jibu la lile swali la siku ya kukatika. Mtu aliyekuuzia mtambo akaondoka na faili hilo hakukuuzia kitu, amekukodisha. Na ukikodi kitu kwa bei ya kununua, wewe ndiye uliyeliwa.

Nimezisikia hoja za upande wa pili, na nitazitaja ili nisionekane napigana na kivuli.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Wanasema neno la siri limewekwa ili watu wasiojua wasichezee mtambo, na ili maadui wasiingie. Ni kweli kuwa nyingi katika lugha hizi za viwandani zilizaliwa zikiwa na imani kupita kiasi. Modbus ya asili haimuulizi mtu ni nani, yeyote aliyeshika waya akitoa amri hutiiwa. Na ni kweli kuwa khatari ipo. Mwaka 2010 iligunduliwa programu mbaya iliyopewa jina la Stuxnet, iliyotengenezwa makusudi kuvuruga mashine za kurutubisha urani za Iran kule Natanz, kwa kuziingilia kompyuta za Siemens zilizokuwa zikiendesha mashine hizo kupitia waya wa PROFIBUS. Lakini hebu tuitazame habari hiyo vizuri. Wale walivamiwa juu ya kuwa na mitambo ya kampuni kubwa yenye siri zake. Usiri wa muuzaji haukuwalinda. Mlango ufungwe, nakubali, na ufungwe kwa komeo. Ila ufunguo ukae ndani ya nyumba. Sijapata kuona mtu mwenye akili akijenga nyumba Chake Chake na kumwachia seremala ufunguo akaondoka nao ng'ambo, kwa hoja kuwa hivyo wezi hawataupata.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini, na baadhi ya wanaoisema ni wenzetu. Wanasema vijana wetu hawawezi. Nikisikia neno hilo damu hunichemka. Kabla ya mwaka 2010 umeme wa kisiwa hiki ulitoka katika majenereta ya dizeli ya Wesha, na walioyaweka hai, spea zikiwapo na zisipokuwapo, ni mafundi wa hapahapa. Kijana anayeweza kukaa kibarazani Wete akaifungua simu ya mkononi, akabadilisha kipande kidogo kuliko punje ya mtama na simu ikapona, hawezi kushindwa na adapta yenye skrubu nene na taa zenye rangi. Tuna kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji. Weka pale meza moja yenye kompyuta ya kiwandani, adapta mbili, sensa kadhaa na pampu ndogo, na uwaache vijana wakate kebo kwa makusudi mara mia moja waone kunatokea nini. Ndani ya muda mfupi hutahitaji kumwandikia mtu barua ng'ambo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kugusa, na ruhusa hiyo ndiyo tunayonyimwa kwenye mikataba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wanasema, hivi ni vya msaada, na mpewa hachagui. Mimi nasema mpewa huchagua. Mtu akikupa ng'ombe na akabaki na kamba mkononi, hajakupa ng'ombe. Tena msaada mwingine ni mkopo uliovaa kanzu ya msaada, na deni lake watalilipa hao watoto waliochelewa skuli. Hata pale ambapo ni hisani tupu, gharama ya kuendesha ni yetu, na aliyetoa hisani hatakuwapo siku ya kebo kukatika. Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Na kebo itakatika. Hili Mzanzibari hahitaji kuhubiriwa. Mwezi wa Mei 2008 ndugu zetu wa Unguja walikosa umeme kwa karibu mwezi mmoja, baada ya hitilafu katika njia iletayo umeme kutoka Tanzania Bara. Hawajasahau hilo, mwezi wa Disemba 2009 ikatokea tena, na mara hiyo giza lilidumu takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kununua kwa dumu. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa bado na dizeli yetu. Mwaka huohuo wa 2010 nasi tukaunganishwa na gridi ya taifa, kwa waya wa chini ya bahari unaotoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway. Ni neema, na naishukuru kila ninapowasha taa. Lakini kisiwa chetu tangu siku hiyo kimekuwa kama ile adapta ya kisimani, kimefungwa kwenye waya mmoja unaotoka mbali. Kila mtu mzima hapa anaelewa kuwa ni lazima tujiulize mapema tutafanya nini siku waya huo ukinyamaza, na tusingekubali jibu la swali hilo lifungwe kwa neno la siri katika ofisi ya mtu Ulaya. Kwa nini basi tunalikubali katika visima vyetu, viwanda vyetu na vyumba vyetu vya baridi?

Nikisema hivi sitaki niachie lawama hewani. Nina mambo manne ambayo naona yeyote anayetia saini mkataba wa mtambo kwa ajili ya kisiwa hiki, awe waziri, mkurugenzi, sheha au mwenyekiti wa ushirika, anapaswa kuyadai kabla kalamu haijagusa karatasi.

La kwanza, lugha ya adapta iwe ya wazi, ambayo makampuni mengi hutengeneza vifaa vinavyoizungumza, ili kisanduku cha huyu kikifa cha yule kiweze kukaa mahali pake. Modbus ni mfano. Tangu mwaka 2004 haki zake zimekabidhiwa jumuiya ya watumiaji na watengenezaji, na kanuni zake husomwa na atakaye bila ya malipo. Ina upungufu wake, nimeshausema mmoja, na upungufu huo hutibiwa kwa kuutenga mtandao wa mtambo na mitandao mingine. Lakini upungufu unaoujua ni bora kuliko ukamilifu uliofichwa.

La pili, faili la mipangilio, maneno yote ya siri, na programu ya kuyafungulia pamoja na leseni yake, vikabidhiwe siku ileile ya kukabidhi funguo za jengo. Nakala moja ikae mtamboni, moja ofisini, na moja mahali pa tatu pasipofikwa na moto wala maji. Asiyeleta faili asilipwe fungu lake la mwisho. Nawaambia kwa uzoefu kuwa fungu la mwisho lina uwezo wa kumkumbusha mtu mambo mengi.

La tatu, kila adapta iandikiwe karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake: kebo ikikatika, pampu hii itazima, vali hii itafunga, feni hii itaendelea. Karatasi hiyo isomwe mbele ya watu wanaokaa pale na wayakubali yaliyomo, kwa kuwa ndio watakaokuwapo. Kisha kebo ichomolewe makusudi, mbele yao, ionekane kama karatasi inasema kweli. Jaribio hilo halichukui muda mrefu na halina gharama. Lingefanywa pale kwenye ule mradi, pampu isingeungua. Na yale mambo ambayo yakikosewa yataua mtu au kuunguza mtambo, kama kukauka kisima na shinikizo la boila, yasiachiwe kompyuta iliyo mbali. Yawe na swichi yao papo hapo, inayokata umeme bila ya kuomba ruhusa kwa mtandao.

La nne, iwepo adapta ya akiba kabatini na kijana wawili wa hapa waliofundishwa kuifunga, na wafunzwe kwa kuifunga kweli, siyo kwa kupewa cheti na chakula cha mchana katika ukumbi wa hoteli. Wawe wawili, kwani mmoja ataitwa Dubai au Maskati, na kheri yake, naye apate riziki yake.

Haya si makubwa. Bei yake ukiilinganisha na bei ya jengo na ya sherehe ya kulifungua haionekani. Wanaoyakataa huyakataa kwa sababu nyingine. Muuzaji huyakataa kwa kuwa riziki yake ya baadaye imo ndani ya neno la siri. Mkubwa wetu huyakataa, au husahau kuyadai, kwa kuwa kudai humlazimu kusoma mkataba hadi mwisho, na kuuliza mbele za watu maana ya neno asilolijua. Afadhali aulize. Hapana aibu katika kuuliza adapta ni nini. Aibu ni kutia saini.

Nasi raia tusijitoe. Tumezoea kuuliza mradi umegharimu kiasi gani na nani amekula. Ni maswali ya haki. Lakini tuongeze na mengine mawili, tuyaulize siku ya utepe, kwa sauti na kwa heshima, waheshimiwa wakiwa bado wamekaa kwenye viti vyao vya mbele: faili liko wapi, na kebo ikikatika kutatokea nini? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo mawili bado hajawa tayari kukabidhi mtambo, na sisi tusiupokee.